Kununua Range Rover ya mkononi: ikague ikiwa baridi

Ukizunguka yadi za Dar es Salaam hukosi kuona Range Rover Sport ya 2010 imebandikwa bei iliyo chini ya Land Cruiser Prado ya mwaka huohuo. Zilipokuwa mpya, Range ndiyo iliyokuwa ghali. Kilichoshuka ni bei ya kununulia peke yake. Kompresa ya hewa, sensa, gia boksi na fundi anayeijua kazi yake bado vinatozwa kwa kiwango cha gari la kifahari. Kwa hiyo bei nzuri isikukimbize: huenda ni nafuu ya kweli, huenda pia muuzaji anaikimbia bili ya gereji.

Hapa nazungumzia hasa Range Rover, Range Rover Sport na Discovery za kati ya 2005 na 2016 hivi, kwa kuwa zinafanana sana ndani. Mengi yanafaa pia kwa Land Cruiser V8, Lexus LX na Mercedes GL. Jambo la kushika ni kwamba magari haya yakishapata moto huficha maradhi yake. Ukaguzi wenye maana hufanyika asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha bila kuguswa.

Hatua ya 1: Jua unaenda kuona gari lipi

Tangazo likikuambia "Vogue 2009, kila kitu kipo", bado hujaambiwa kitu. Vogue ni daraja la vifaa tu, kama ilivyo HSE au Autobiography, ingawa mtaani jina hilo limeshikamana na Range ile kubwa. Uliza umbo na injini.

Range kubwa iliyotengenezwa 2002 hadi 2012 mafundi huiita L322. Iliyoifuata ni L405, yenye bodi ya aluminiamu. Sport ya kwanza, L320, ilitoka 2005 hadi 2013 na imejengwa juu ya msingi wa Discovery 3. Ya pili ni L494. L322 za miaka ya mwanzo zina injini za BMW, maana BMW ndio waliokuwa na Land Rover, kampuni inayotengeneza Range, wakati gari hilo linabuniwa. Mafundi wa Range wanaozijua vizuri injini hizo si wengi, na fundi wa BMW naye hana habari na mambo mengine ya gari hilo.

Kwenye injini ndipo pesa inapopotea, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Dizeli ya V6, lita 2.7 na lita 3.0, inavuta vizuri na hainywi sana. Tatizo lake kubwa, hasa ile ya 3.0, ni beringi za kranki shafti. Zinaweza kuzunguka mahali pake na kranki ikakatika, mara nyingi bila dalili yoyote kabla. Hakuna kipimo cha dakika tano kitakachokuhakikishia kwamba iko salama. Unachoweza kukitafuta ni ushahidi wa oili kubadilishwa mara kwa mara. Gari lililofuata vipindi virefu vya Ulaya, kisha likaja kuishi kwenye joto na vumbi letu kwa vipindi vilevile, mimi naliogopa. Injini hizi pia zina mikanda miwili: wa taimingi mbele, na mwingine nyuma unaozungusha pampu ya dizeli. Muuzaji akisema "mkanda umebadilishwa", muulize ni upi.

Petroli ya 5.0 V8, iliyoanza kwenye magari ya 2010, ina nguvu za kutosha na zaidi. Za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa vikaza cheni na reli za plastiki zinazolika, na zote zina mabomba ya plastiki ya maji ya kupozea ambayo hupasuka kwa uzee. Moja limejificha mahali ambapo kwenye injini yenye supachaja fundi hulazimika kuifungua supachaja yenyewe ndipo alifikie.

Ukiniuliza mimi, mtu wa hapa asiye na gereji ya kuaminika jirani ana nafasi nzuri zaidi akipata ile petroli ya 4.4 iliyotokana na injini ya Jaguar, iliyofungwa kati ya 2005 na 2009. Inakunywa mafuta, hilo usidanganyike, lakini hailali gereji kama hizo nyingine.

Na kama unalitaka kwa ajili ya shamba, tope au mchanga, hakikisha lina gia nzito, ile ya mwendo wa taratibu wenye nguvu nyingi. Evoque na Velar hazina kabisa. Hata baadhi ya Sport za L494 zilitoka kiwandani bila gia nzito, na kwa nje huwezi kuzitofautisha na zenye nayo. Omba picha ya sehemu ya gia uone kama kitufe chake kipo.

Hatua ya 2: Namba ya chesisi na karatasi, ukiwa bado nyumbani

Omba picha ya namba ya chesisi kabla ya kuomba picha za viti vya ngozi. Namba ya gari halisi la Land Rover huanza na SAL. Herufi ya kumi kutoka kushoto ndiyo inayotaja mwaka wa modeli: 9 ni 2009, A ni 2010, B ni 2011, C ni 2012, na kuendelea. Namba hiyo utaikuta kona ya chini ya kioo cha mbele na kwenye kibandiko cha bodi, na lazima ilingane na kadi ya gari herufi kwa herufi. Usichanganye na herufi za pleti: "namba D" au "namba E" inakueleza gari lilisajiliwa lini Tanzania, si lilitengenezwa lini.

Kisha uliza limetoka wapi. Kama ni Japani, omba karatasi ya mnada. Gredi ya R au RA maana yake lilipata ajali au lilirekebishwa bodi. Hilo si lazima likufukuze, ila bei ilionyeshe. Kama ni Uingereza, ambako dizeli nyingi hutoka, omba namba yake ya usajili ya kule. Kwa namba hiyo unaweza kuingia kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza na kusoma bure historia ya ukaguzi wa kila mwaka, pamoja na umbali uliosomwa kila mara na kasoro zilizoandikwa. Hapo ndipo gari lenye "kilomita 90,000" linapojulikana kuwa lilisoma zaidi ya hapo miaka minne iliyopita. Kumbuka pia dashibodi za Uingereza husoma maili: 80,000 zinazoonekana hapo ni kama kilomita 129,000.

Za Uingereza zina jambo jingine, chumvi. Barabara zao humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chesisi ya chuma ya Discovery na ya Sport ya kwanza huliwa taratibu, hasa nyuma. Utalitazama chini ukifika Hatua ya 6.

Kwa upande wa umiliki, jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia, au awe na nguvu ya kisheria inayoeleweka, si "gari la shemeji, yuko safarini". Kadi ikiwa kivuli tu, yumkini ya asili iko benki kwa ajili ya mkopo. Angalia madeni ya faini za trafiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi. Magari haya mengi hutoka kwa balozi, mashirika na miradi ya wafadhili yenye pleti za DFP, ambayo yaliingia kwa msamaha wa kodi. Kodi hiyo ikiwa haijamalizwa TRA, hutaweza kulihamishia jina lako. Lililosajiliwa Zanzibar nalo ulizia hesabu yake ya forodha kabla hujavuka nalo. Kwa walio Kenya, tafuta taarifa za gari NTSA kupitia eCitizen na uone kama jina la benki limo pamoja na la mmiliki.

Hatua ya 3: Panga miadi, na weka sharti

Mpigie muuzaji: "Kaka, nakuja kesho saa moja asubuhi. Naomba lisiwashwe mpaka nifike." Kisha fika saa kumi na mbili na nusu. Gusa boneti. Ikiwa ina uvuguvugu, mtu amelipasha moto, naye alikuwa na sababu. Mimi hapo huomba siku nyingine, na nikikuta vilevile mara ya pili, naachana nalo.

Ukiweza, pita jioni iliyotangulia. Liegeshwe sehemu tambarare, likiwa kwenye urefu wa kawaida, kisha pima kwa futi kamba kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, kona zote nne. Andika.

Hatua ya 4: Asubuhi, kabla ya kugusa ufunguo

Pima tena. Mengi ya magari haya hayakai juu ya springi za chuma, yanakaa juu ya mabaluni ya mpira yaliyojazwa hewa, na mpira huzeeka. Kona moja ikiwa imeshuka sana, umeshampata mgonjwa. Lakini hata gari lililoshuka sawasawa pande zote lisikutulize. Kompyuta ya mfumo huu huamka yenyewe gari likiwa limezimwa na kulisawazisha kwa kuzishusha kona nyingine zilingane na iliyo chini, kwa hiyo baluni moja linalovuja linaweza kulilaza gari zima vizuri kabisa. Fundi akitaka kumjua mhalifu huchomoa fyuzi ya mfumo huo usiku, halafu asubuhi anaangalia ni kona ipi imeanguka.

Baadaye, injini ikiwaka, lipandishe hadi urefu wa barabara mbaya na upulizie mabaluni maji ya sabuni. Povu litakuonyesha. Lishushe hadi urefu wa kupandia, ulipandishe tena, usikilize kompresa. Ikivuma muda mrefu gari likipanda kwa kusuasua, imechoka. Kompresa haichoki bure: huuawa na baluni linalovuja, kwa kuwa inajaza mchana kutwa kile kinachotoka. Muuzaji anayekuambia "nimeweka kompresa mpya" bila kutaja mabaluni amekueleza nusu ya habari.

Utakutana na yaliyobadilishwa kuwa springi za chuma. Sisemi ni dhambi. Ila gari hilo limepoteza uwezo wa kujiinua kwenye tope na mawe, yaani sehemu kubwa ya sababu ya kulinunua, na taa ya hitilafu huwa imezibwa kwa ujanja wa umeme. Bei yake isiwe ya gari zima.

Bado hujawasha. Fungua kizibo cha tanki la kupozea, sasa hivi likiwa baridi, na kamwe usikifungue likiwa na moto. Unatarajia kulanti ya rangi ya chungwa. Ukikuta maji ya bomba yenye kutu, uliza kwa nini. Gari linalochemsha hapa kwetu "hutibiwa" kwa kuongezewa maji na kung'olewa themostati, na tiba hiyo huendelea mpaka gari linapouzwa. Tazama kama kuna michirizi mikavu kwenye maungio ya mabomba. Harufu tamutamu chini ya boneti ni ya kulanti inayovuja.

Kwenye oili, usitafute sana dipstiki ya 5.0: nyingi hazina, kiwango husomwa kwenye dashibodi. Fungua kizibo cha kujazia uone kama kuna utando wa rangi ya maziwa au matope meusi.

Tairi zitazame zote nne. Gari hili huzungusha magurudumu yote muda wote, kwa hiyo tairi za ukubwa au ulaji tofauti huumiza difu na boksi la kugawia nguvu. Tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Rimu za inchi 22 zinapendeza Masaki. Kwenye mawe hazikusaidii kitu.

Hatua ya 5: Washa mwenyewe

Kwanza washa umeme tu. Taa ya injini, ya ABS na ya mfuko wa hewa lazima ziwake kisha zizimike, ile ya injini ikizimika injini inapowaka. Isiyowaka kabisa imeng'olewa au imefungwa ili usiione.

Sasa washa injini, mwenzako akiwa amesimama mbele, boneti iko wazi. Sekunde chache za kwanza zina thamani kuliko nusu saa ya baadaye. Kwenye 5.0, mkwaruzo au mlio wa cheni unaotoka mbele ya injini kisha ukapotea oili inapopanda ndio mlio wa gharama kubwa. Muuzaji atasema "zote ziko hivyo zikiwa baridi". Si kweli. Kwenye dizeli, mgongano mzito wa chini unaofuata kasi ya injini unatosha kukurudisha nyumbani.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto huku kulanti ikipungua unaashiria gasketi ya silinda hedi. Mweusi mwingi kwenye dizeli unaweza kuwa tabo, bomba la hewa lililochanika au nozeli.

Dashibodi ikijaa maonyo kumi kwa mpigo, usikate tamaa papo hapo. Betri dhaifu huyachanganya magari haya kuliko yalivyo mengine. Liungwe na betri nzuri ndipo uamue.

Likiwa linaunguruma, kagua haraka haraka vioo, viti, kiyoyozi cha mbele na nyuma, paa la kioo. Papasa zulia la miguuni na dari karibu na nguzo za kioo: mifereji ya maji ya paa la kioo ikiziba, maji huingia ndani na kuelekea kwenye nyaya. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Mstari wa tope kwenye mkanda ni alama ya gari lililozama, na baada ya mafuriko ya Jangwani au ya Nairobi ya 2024 si jambo la kufikirika tu.

Hatua ya 6: Lilaze kwenye shimo la gereji

Usilipie gari hili bila kuliona chini. Chagua gereji wewe, asichague dalali. Gonga chesisi kwa nyuma na uchunguze mabomba ya breki, kutu ya juu juu si kitu, inayomeguka ndiyo mbaya. Bushi za mikono ya chini ya mbele huisha haraka kwa sababu ya uzito. Zikitikisika ziingize kwenye bei. Angalia sinia ya plastiki ya gia boksi kama inatoa jasho la oili: kwenye hizi za spidi sita, filta imeunganishwa na sinia yenyewe, hubadilishwa vyote pamoja. Wapo watakaokuambia oili hiyo ni ya maisha. ZF, waliotengeneza gia boksi, wao hushauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000.

Mikwaruzo kwenye ngao za chini haitishi. Gari la porini limekwenda porini. Kilichopinda ndicho cha kuogopa: mkono, bomba la moshi, kingo za chini ya milango.

Kama ni dizeli na muuzaji anakubali, badilisha oili kwa gharama yako, kisha fundi aikate filta ya zamani na kuikunjua karatasi yake juu ya kitambaa cheupe. Chembe zinazong'aa ni beringi. Akikataa, nawe una jibu.

Hatua ya 7: Barabarani, halafu kwenye mchanga

Endesha angalau nusu saa. Kwenye mwendo wa kilomita 60 hadi 90, kanyaga mafuta kidogo tu na ushikilie. Mtetemo kama wa kupita juu ya vijituta vya tahadhari barabarani, unaokuja na kupotea, ni wa gia boksi, si wa tairi. Simama kwenye foleni kiyoyozi kikiwa wazi, tazama joto la injini. Vuta breki ya mkono, ambayo kwenye mengi ni ya umeme: kwenye Discovery na Sport ya kwanza, ikiwa haijarekebishwa hulia kwa kelele kali ya kusaga.

Kisha tafuta mchanga. Kigamboni upo wa kutosha. Simamisha gari, weka N, ingiza gia nzito. Iingie na kutoka bila taa kubaki ikimweka. Zungusha kitasa cha hali za barabara mpaka mwisho wake: nyasi na barafu, tope, mchanga, mawe. Kata kona kali taratibu ukisikiliza milio ya difu. Wauzaji wengi hawajawahi kuigusa gia hiyo, na mota iliyokaa miaka bila kazi inaweza kugoma siku yako ya kwanza kwenye tope.

Hatua ya 8: Mashine ya kusomea hitilafu

Kile kifaa cha bei ndogo kinachoungana na simu husoma injini tu. Hakitakuambia habari za mabaluni, breki ya mkono wala boksi la kugawia nguvu. Tafuta fundi mwenye mashine ya Land Rover hasa, kama IIDTool. Ifanye kazi hii mwisho, baada ya kuendesha: hitilafu zilizofutwa asubuhi huanza kurudi, na mashine huonyesha pia kwamba kumbukumbu imefutwa muda mfupi uliopita. Hakikisha vilevile kuna funguo mbili zinazofanya kazi.

Hatua ya 9: Hesabu na malipo

Ulichokiona kibovu kipigie bei ya spea kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, na kwa waagizaji, si bei ya kukadiria kichwani, kisha kiondoe kwenye bei ya gari. Juu ya hapo weka akiba ya robo ya bei ya kununulia kwa mwaka wa kwanza. Kama akiba hiyo haipo, nunua Prado. Nasema bila kejeli.

Mkataba wa mauziano uandikwe kwa wakili, ukiwa na namba ya chesisi, namba ya injini na usomaji wa kilomita. Pesa zipitie benki kwenda kwa mwenye jina kwenye kadi, si kwa dalali. Kodi za kuhamisha umiliki kubalianeni nani analipa kabla ya kusaini. Wiki hiyohiyo badilisha oili ya injini na filta zote, kulanti, na oili ya gia boksi na difu, hata kama umeambiwa vimebadilishwa juzi.